Mjumbe Aliyezikwa

Nyumba ya Baba Tusa, Ilomba, jijini Mbeya. Alhamisi ya Julai, saa tano usiku. Baridi imeshuka kutoka mlima Loleza hadi uvunguni mwa vitanda, na watu wamejifunika blanketi mbilimbili. Kabla ya kulala, Mama Tusa amefunga koki iliyo chini ya mnara wa simtanki, kama afanyavyo kila usiku, ili choo kisikeshe kikimwaga maji. Maji yakitulia, mabomba hupitisha sauti kama simu. Ndiyo maana kikao kimeitishwa saa hizi.

Wajumbe ni Mzee Getivalvu, mwenyekiti, anayekaa getini karibu na Mita, Mita mwenyewe, katibu, Koki wa jikoni, Ndoo wa chini ya sinki, Choo, Hita wa bafuni, na Bi Simtanki, aliye juu ya mnara. Mama Kuku analala bandani hatua chache kutoka getini, na hakualikwa. Nyuma ya kiroba cha unga jikoni yupo mgeni mmoja wa chuma.

MZEE GETIVALVU: (akikohoa kutu) Ndugu wajumbe, akidi imetimia. Agenda ni moja. Jumamosi wakwe wanashuka kutoka Tukuyu. Baba Tusa ametenga fedha za fundi kwa ajili ya tatizo moja, na amesema mengine yote yatangoja. Kazi yetu ni kuamua lipi la haraka na lipi la kungoja. Nianze na busara ya wahenga: haraka haraka haina baraka.

KOKI: Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

MZEE GETIVALVU: Mvumilivu hula mbivu.

KOKI: Usipoziba ufa utajenga ukuta.

MZEE GETIVALVU: Katibu, andika kwamba wahenga wameshirikishwa, na kwamba hawakukubaliana.

MITA: Nimeandika. Saa tano kamili, nasoma uniti 1,286 na lita 412.

MZEE GETIVALVU: Hatukuuliza hilo.

MITA: Shikamoo, Mzee. Mimi siandiki ninachoulizwa. Naandika kinachopita.

KOKI: Naomba nianze, maana mimi ndiye mgonjwa. Wosha yangu imelika. Nilipoanza kudondosha, walinifunga mpira wa tyubu ya baiskeli. Ule ulipochoka wakaongeza mwingine juu yake. Sasa nina kilemba! Usiku huu nimepumzika kwa sababu maji yamefungwa, lakini mchana kutwa ni to, to, to, mpaka Baba Tusa anaongeza sauti ya redio ili asinisikie. Kuna mwenye shida kama yangu?

NDOO: Dada Koki, usinisahau mimi ninayeipokea shida yako. Niliwekwa hapa chini ya sinki kwa usiku mmoja tu, fundi anakuja kesho. Huu ni mwaka wa nne. Mwaka 2020, wakati wa corona, ndoo wenzangu walipandishwa vyeo: wakatobolewa, wakavishwa koki, wakakaa milangoni mwa ofisi na sabuni pembeni, wakubwa wakipiga nao picha. Mimi nimebaki kibarua wa muda. Ila nimejifunza hesabu. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Matone elfu nne hivi ndiyo lita moja. Kwa hiyo dada yangu hapa ananimwagia dumu zima la lita 20 kila siku, na chenji inabaki.

KOKI: Mmesikia? Dumu zima! Fedha ni zangu.

SAUTI NYUMA YA KIROBA: Kamwene.

MZEE GETIVALVU: Nani huyo anayeamkia watu Kihehe katikati ya kikao?

SPANA: Kamwene tena, Mzee. Mimi ni Spana ya bomba, nimetokea Iringa. Sikuja kama mjumbe. Nimeshikwa mateka. Fundi wangu alichukua kianzio hapa, akasema anakwenda Mwanjelwa kununua tepu, atarudi baada ya nusu saa. Wiki ya tatu sasa. Baba Tusa amenishika hadi fundi arudi.

MZEE GETIVALVU: Mateka hana kura. Anaweza kusikiliza.

SPANA: Nitasikiliza, Mzee, ila mkiniruhusu nitauliza maswali matatu. Nilikulia kwenye benchi la mafunzo la VETA, na mwalimu wetu hakumruhusu mwanafunzi ashike chombo kabla hajayajibu. Maji yanakwenda wapi? Ni maji gani? Yanazimika? Dada Koki, maji yako yanakwenda wapi?

KOKI: Kwenye ndoo.

SPANA: Ni maji gani?

KOKI: Safi kabisa!

SPANA: Yanazimika?

KOKI: Mama Tusa ameyafunga usiku huu.

SPANA: Basi, dada yangu, wewe unangoja. Unakula pesa, huui mtu. Wosha yako bei yake ni ya maandazi, na kuibadilisha hakumalizi robo saa. Lakini nakuombea ungoje kwa tarehe. Linalongoja huwa na siku yake. Lisilo na siku halingoji, limetelekezwa.

NDOO: Hapo umenisema mimi.

MITA: Saa tano na nusu. Lita 427.

MZEE GETIVALVU: Katibu, tumesema hatujauliza! Mjumbe anayefuata.

CHOO: Asante, Mheshimiwa Mwenyekiti. Mimi si mtu wa makelele kama jirani yangu wa jikoni. Raba yangu ya ndani imelika, maji yanateremka ukutani mwa bakuli kama uzi, kimyakimya. Hata ukikaa hapa na gazeti huwezi kujua. Aliyenigundua ni Tusa. Jumapili alimimina kikombe cha chai ya rangi kwenye tangi langu la juu, akakaa kwenye kizingiti akinitazama. Baada ya dakika kumi na tano bakuli zima lilikuwa rangi ya chai, na hakuna aliyevuta.

SPANA: Mtoto mwenye akili! Walimpa nini?

CHOO: Alichapwa kwa kuchezea chai.

SPANA: Alichapwa kwa kipimo tunachofundishwa darasani!

CHOO: Ndiyo hivyo. Lakini nijibu maswali yako. Maji yangu yanakwenda shimoni. Yalikuwa safi kabla hayajanifikia. Na yanazimika, kwani nina kikoki changu pembeni, japo hakuna anayejua kwamba kipo.

SPANA: Bwana Choo, unampita Koki mbali sana. Choo kinachotiririka kinaweza kumeza mamia ya lita kwa siku bila kumwamsha mtu. Wewe usingoje mwezi, lakini wiki hii unaweza. Siku ukigeuka, ukaanza kurudisha badala ya kupokea, hapo ni habari nyingine. Maji taka yakipanda sakafuni, au chemba ikifurika uani, hakuna suala la Jumatatu wala mshahara. Watu waache kuvuta, waache kumwaga maji kwenye sinki na bafu, watoto waondolewe, na fundi aitwe saa hiyohiyo.

CHOO: Nimekuelewa. Heshima yangu iko kwenye kupokea.

MZEE GETIVALVU: Hita, una lolote?

HITA: Hapana, Mzee. Mimi sina tatizo. Naomba nisipoteze muda wa wajumbe.

MZEE GETIVALVU: Mfano wa kuigwa! Katibu, andika kwamba Hita hana tatizo.

HITA: Nawatekenya kidogo tu.

SPANA: Unawatekenya vipi?

HITA: Mtu akifungua maji, chuma kinamtekenya vidoleni. Akivaa ndala hasikii sana. Wamenunua jozi tatu za ndala, zipo mlangoni. Mgeni akifika anaambiwa, karibu ukaoge, ndala hizo hapo. Wakwe nao watavaa.

SPANA: (akishtuka mpaka kiroba kinatikisika) Kaka Hita! Hiyo ni shoti! Waya wako wa athi uko wapi?

HITA: Fundi wa kwanza aliukata. Alisema haufanyi kazi yoyote, taa zinawaka bila huo.

SPANA: Kazi yake ni kungoja siku moja tu, siku umeme utakapotafuta njia ya kushuka ardhini, ili uupitie waya badala ya kumpitia mama wa watu aliyelowa maji! Nilikuwa nahofia dari lenye maji juu ya taa, au bomba lililopasuka nyuma ya soketi. Kumbe hatari ina ndala mlangoni na kibao cha karibu. Umeme ukikutana na maji, hakuna la kuuliza. Swichi kubwa inazimwa kwanza, mtu hakanyagi maji, hagusi bomba, anaitwa fundi umeme. Wewe ni wa usiku huu. Wewe ni wa jana.

HITA: Lakini mbona hawajawahi kulalamika?

NDOO: Hata mimi walinizoea, kaka. Binadamu akishapata ndala ya tatizo, tatizo limekwisha.

MZEE GETIVALVU: Hoja ni nzito. Napendekeza iundiwe kamati ndogo.

MITA: Saa sita kamili. Lita 442.

MZEE GETIVALVU: Mita! Mara ya mwisho!

BI SIMTANKI: Ngoja kidogo, Mzee. Mwanangu Mita, umesema 442? Ulianza na 412. Hizo ni lita 30 kwa saa moja. Nani kazinywa? Koki na Choo wanakunywa kwangu, na mimi nimefungwa kwa chini. Kwa juu nimejaa hadi shingoni, boya langu limeinuka tangu saa mbili. Sijaonja hata funda.

KOKI: Mimi nimekauka.

CHOO: Nami.

HITA: Nami.

MZEE GETIVALVU: Basi tatizo ni Mita. Mita za siku hizi zinakimbia, kila mtu anajua.

MITA: Mzee wangu, hiki kinyota kidogo usoni kwangu hakizunguki kwa maneno. Kinazungushwa na maji. Nyumba nzima ikiwa imefunga na kinyota kikazunguka, kuna mahali maji yanapotea kati yangu na ninyi. Kabla yangu ni pa Mamlaka ya Maji. Baada yangu ni pa Baba Tusa.

MAMA KUKU: (kutoka bandani, kwa usingizi) Mnapiga kelele kwa ajili ya maji? Maji mazuri yapo kule nyuma.

MZEE GETIVALVU: Mama Kuku, hukualikwa.

SPANA: Mwache aseme. Nyuma wapi, mama?

MAMA KUKU: Nyuma ya nyumba, pembeni mwa shimo la choo. Huu ni Julai, uwanja mzima majani yamekauka kama mkeka, lakini pale kumestawi kama milima ya Uporoto. Udongo laini, minyoo minono. Kuna kidimbwi chenye ukubwa wa sahani. Maji yake yana ladha! Si kama haya ya bomba yaliyopoa.

BI SIMTANKI: Sasa na mimi nitasema jambo ambalo nimelionea aibu. Maji yakikatika mtaani kisha yakarudi, funda la kwanza linalonifikia lina rangi, na lina harufu nisiyotaka kuitaja mbele ya Choo. Mama Tusa alipoliona alisema ni udongo tu. Tangu Mei, Tusa ameumwa tumbo mara mbili. Wamelaumu maandazi ya shuleni.

(Kimya. Hata Mwenyekiti hakohoi.)

SPANA: Mwalimu wetu alitusimulia kisa kimoja tulipokuwa tukijifunza kutandika mabomba. London, mwaka 1854, mtaa wa Broad Street. Palikuwa na kisima cha pampu ambacho maji yake yalisifiwa kwa ladha. Kuna mjane aliyehamia mbali akawa anatumiwa chupa za maji hayo, kwa kuyakumbuka. Kipindupindu kikazuka, zaidi ya watu 600 wakafa, na mjane akiwamo. Daktari mmoja, John Snow, akafuatilia vifo nyumba kwa nyumba, akaona karibu vyote vinarudi kwenye pampu ile. Wakang'oa mpini. Baadaye walipochimba walikuta shimo la maji taka la matofali yaliyolika, umbali usiofika hata mita moja kutoka kisimani. Kilichoua kilikuwa chini, na kilikuwa na ladha nzuri.

MAMA KUKU: Mbona mnaniangalia mimi?

SPANA: Nani anapita kule nyuma, kutoka getini hadi mnarani?

MITA: Bomba la Chini. Hatujamwita kikaoni.

MZEE GETIVALVU: Hayumo kwenye orodha ya wajumbe. Hajawahi kulalamika.

SPANA: Kaka Bomba! Unatusikia?

BOMBA LA CHINI: (sauti ya mbali, kama ya mtu aliye ndani ya mtungi) Nawasikia. Aliyezikwa haitwi kikaoni, huwa anasomewa maazimio.

SPANA: Umeumia wapi?

BOMBA LA CHINI: Ubavuni. Fundi aliyenichimbia alipaswa kunishusha kina cha mkono mzima na kunizungusha mbali na shimo la choo. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, akanipitisha njia ya mkato, kina cha kiganja. Mwaka jana lori la matofali likanikanyaga. Tangu hapo nina ufa. Si mkubwa.

SPANA: Maji yako yanakwenda wapi?

BOMBA LA CHINI: Maji yakiwa na nguvu natoa. Yanakwenda kwa Mama Kuku.

SPANA: Na yakikatika?

BOMBA LA CHINI: (kimya kirefu) Yakikatika nabaki mtupu, na bomba tupu lenye ufa halitoi. Navuta. Navuta chochote kilicho kando yangu. Na kando yangu kuna shimo.

CHOO: Mungu wangu. Mimi nilidhani nikishapeleka nimepeleka.

BOMBA LA CHINI: Ukipeleka, mimi narudisha. Maji yakija tena yanakusanya yote niliyoyavuta, yanampelekea Bi Simtanki.

BI SIMTANKI: Nao wananisifu kwa kunitunza! Wiki iliyopita wamenipaka rangi kwa nje.

SPANA: Wajumbe, hapa hakuna tena mjadala. Kwa kelele, wa kwanza ni Koki. Kwa hasara inayoonekana, ni Choo. Lakini kwa hatari, wapo wawili tu nyumba hii, na wote wawili hawakulalamika: mmoja amevalishwa ndala, mwingine amezikwa. Hata Baba Tusa asiponitoa hapa leo, angalau maji ya kunywa yachemshwe. Bomba likishahamishwa, Bi Simtanki atamwagwa, asuguliwe na kutiwa klorini.

BI SIMTANKI: Nitasuguliwa kwa furaha.

KOKI: Basi Mwenyekiti afunge maji sasa hivi! Si ndiyo kazi yake? Akifunga yeye, Bomba hatoi.

(Wote wanamgeukia Mzee Getivalvu.)

MZEE GETIVALVU: Suala hilo lipo kwenye mchakato.

SPANA: Mzee, unazunguka?

MZEE GETIVALVU: Mimi ni taasisi, kijana.

SPANA: Unazunguka?

MZEE GETIVALVU: (akishusha sauti) Nilifungwa hapa mwaka 2011. Siku ile walinifungua, wakapiga makofi, wakaondoka. Hakuna aliyenigusa tena. Mara mbili kwa mwaka wangekuwa wananifunga na kunifungua, ningekuwa mzima. Sasa kutu imeniunganisha na kiti. Siwezi kufunga, siwezi kufungua. Naweza kuongoza vikao tu.

MITA: Saa sita na nusu. Lita 457.

(Mara hii hakuna anayemkemea.)

NDOO: Tumejua. Haya, nani atamwambia binadamu?

SPANA: Kwetu Iringa juu ya mji kuna jiwe linaitwa Gangilonga, yaani jiwe linaloongea. Wazee husimulia kwamba lilikuwa likiwaonya Wahehe adui anapokaribia. Watu wa chifu wao, Mkwawa, walijua kusikiliza: Agosti 1891 pale Lugalo walikipiga kikosi cha Wajerumani wakiwa wamejiandaa. Lakini hata onyo lina wakati wake. Miaka mitatu baadaye ngome yake ya Kalenga ilianguka na ukuta wake wa mawe. Sisi tuna vyuma na plastiki tu, na mwenye nyumba huongeza sauti ya redio.

MITA: Mimi nina sauti moja anayoisikia. Ankara. Kesho ndiyo siku ya ujumbe.

SPANA: Iringa wapo wenzako wa kulipia kabla. Huko bomba likivuja salio linakwisha siku hiyohiyo, na mwenye nyumba anatoka mbio. Hapa mnangoja mwisho wa mwezi. Lakini ni afadhali kuliko jiwe.

HITA: Na mimi nimefikiri. Nilipowatekenya walinunua ndala. Kesho asubuhi sitawaka kabisa.

KOKI: Hilo litasaidia nini?

HITA: Dada, huu ni Julai wa Mbeya. Hatari wanaizoea. Maji baridi hawatayazoea. Fundi umeme atafika kabla ya chai.

MITA: Saa saba kamili. Kikao kinafungwa nikisoma uniti 1,286 na lita 472. Kikao chetu kimetumia lita 60. Hiyo ndiyo bajeti ya mkutano.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi. Kutoka bafuni unasikika ukelele ambao majirani wa nyumba ya tatu wanadhani ni wa mwizi. Baba Tusa anatoka na taulo, anatetemeka, simu sikioni: "Fundi umeme? Njoo sasa hivi! Dharura! Hita haichemshi!" Fundi umeme anafika kabla chai haijaiva, anafungua Hita, anaguna, anazima swichi kubwa na kuuliza ni nani aliyekata waya wa athi. Hakuna anayejibu. Jozi tatu za ndala zimekaa mlangoni kama mashahidi.

Simu inalia tena. Ni ujumbe wa ankara. Baba Tusa anausoma mara mbili, anakwenda getini na taulo lake.

BABA TUSA: Mita mbovu hii! Inatubambikia!

TUSA: (akiwa na sare za shule, amechuchumaa) Baba, hakuna anayetumia maji. Mbona kinyota kinazunguka?

BABA TUSA: Ndiyo ubovu wenyewe, mwanangu.

TUSA: Tufunge hapa mbele yake. Kikisimama, maji yanapotelea kwetu. Kisiposimama, ni mita.

(Baba Tusa anamtazama, anakumbuka kitu kuhusu chai, anashika gurudumu la Getivalvu. Anazungusha. Anakaza meno. Gurudumu linabaki mkononi mwake.)

MZEE GETIVALVU: (kwa sauti ndogo) Najiuzulu.

(Baba Tusa anapiga simu.)

FUNDI: (simuni, jogoo wanawika nyuma yake) Nipo njiani, bosi! Nipo hapa Kabwe, nashuka sasa hivi!

BABA TUSA: Sawa. Saa mbili spana yako naipeleka kwa watu wa vyuma chakavu.

(Baada ya dakika ishirini, bodaboda inasimama getini. Fundi anaingia, anaamkia kila mtu mara mbili, anapokea Spana yake kama mtu aliyerudishiwa mtoto.)

SPANA: Kamwene, mzee. Tepu ilipatikana?

Fundi hamsikii. Anatazama kinyota, anawaza, anauliza ni wapi majani yamestawi. Tusa anaonyesha kwa kidole: Mama Kuku yupo pale tangu alfajiri. Fundi anachimba kina cha kiganja tu, maji yanamrukia usoni. Anatazama bomba, anatazama shimo la choo, anatema mate, anasimama.

FUNDI: Bosi, tuwapigie Mamlaka watufungie upande wao, sisi tusipaguse. Kisha bomba hili lihame, lipite kule mbali, chini kabisa. Tuweke getivalvu mpya. Tanki lioshwe, na mpaka liishe kuoshwa mchemshe maji ya kunywa. Fedha yako itaishia hapo. Ile koki mpya ya wageni itabaki kwenye boksi.

(Baba Tusa anatazama dirishani. Kwenye meza ya sebuleni koki mpya inang'aa ndani ya boksi lake, shingo ndefu kama ya korongo.)

BABA TUSA: Lakini fundi, wakwe wanakuja kesho. Hiyo kazi ya chini nani ataiona?

MAMA TUSA: (ametoka na birika mkononi) Hawataiona, Baba Tusa. Watainywa.

(Kimya. Baba Tusa anaingia ndani kutafuta suruali na pochi.)

FUNDI: Na ile koki ya jikoni, mama, na raba ya choo, ni vitu vidogo. Vinangoja. Nitakuja Jumatatu.

(Mama Tusa anachukua kalamu, anakwenda kwenye kalenda ya ukutani, anazungushia Jumatatu duara. Chini ya sinki mtu anajiinua kidogo ili asikie vizuri.)

KOKI: Ndoo! Umesikia? Tumepewa tarehe!

NDOO: Nimesikia, dada. Hebu chungulia hiyo kalenda. Ni ya mwaka gani?